Protini Mbili za Surua

Mwaka 1954, mjini Boston, John Enders na Thomas Peebles waliziambukiza surua seli za figo za binadamu walizokuwa wakizikuza katika maabara. Siku zilivyopita, mipaka kati ya seli ilianza kupotea. Seli zilizokuwa zikiishi kila moja peke yake zikaungana kuwa pande moja kubwa lenye viini vingi. Kirusi walichokipata ndicho kilichozaa chanjo nyingi za surua zinazotumika hadi leo. Sura hii inahusu zile seli zilizoungana.

Seli haziungani hivi hivi. Utando wa kila seli ni wa mafuta, na juu ya mafuta hayo kuna maji yaliyoshikamana nayo. Ili tando mbili ziwe moja, sharti maji hayo yaondolewe, na kuyaondoa kunadai nguvu. Surua huipata nguvu hiyo kwa protini mbili zilizojitokeza kwenye ngozi yake: H na F.

H ndiyo inayotafuta mlango. Katika seli za kinga hushika kipokezi kiitwacho SLAM, kilichotambuliwa mwaka 2000 na kundi la Yusuke Yanagi nchini Japani. Katika seli za njia ya hewa hushika kingine, nektini-4, kilichojulikana mwaka 2011. Kwa cha kwanza kirusi huingia mwilini na kusambaa. Kwa cha pili hupata njia ya kutoka, mgonjwa akohoapo.

F hutengenezwa ikiwa haina uwezo wowote. Kimeng'enya cha seli yenyewe, furini, huikata, na hapo inakuwa kama mtego wa panya uliokwisha kutegwa: nguvu yote imo ndani, ila F ikifyatuka mara moja haitegeki tena. Ikifyatuka mapema, mbele yake hakuna seli, na imepotea bure. Kwa hiyo kazi kubwa ya H ni kuhakikisha F inafyatuka mahali panapofaa. H ikishika kipokezi, umbo lake hubadilika hadi kwenye shina linalogusana na F. F hujinyoosha, ncha yake inayopenda mafuta ikachoma utando wa seli, kisha hujikunja kwa nguvu na kuvuta tando mbili mpaka zigusane. Mafuta yakachanganyika, tundu likafunguka, na jeni za kirusi zikapita.

Ukiziwekea seli jeni ya H pekee, haziungani. Jeni ya F pekee, vilevile. Weka zote mbili kwenye seli zilizo jirani na seli zenye kipokezi, na muungano unaanza bila kirusi chochote kuwapo. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote katika habari hii.

Kirusi cha mafua hufanya kazi zote mbili kwa protini moja, lakini hungoja kwanza kimezwe na seli na kukutana na asidi humo ndani. Surua haihitaji asidi. Ndiyo maana seli iliyoambukizwa, ikishazivaa H na F kwenye utando wake, huweza kuungana na jirani yake papo hapo, na kirusi kikapita humo bila kutoka nje kukutana na kingamwili.

Uhusiano huu wa H na F ukilegea, madhara yake ni mazito. Seli za neva za ubongo hazina SLAM wala nektini-4. Hata hivyo, kwa watoto wachache surua hubaki ubongoni kimyakimya, na miaka kadhaa baadaye huzuka ugonjwa uitwao SSPE, ambao karibu kila mara huua. Virusi vinavyopatikana katika bongo hizo mara nyingi vina F iliyobadilika, yenye kufyatuka kwa urahisi mno, na hivyo huvuka kutoka neva moja hadi nyingine. Walio hatarini zaidi ni waliougua surua kabla ya kufikisha miaka 2.

Ugonjwa huo hauna tiba ya kuuponya. Kinachouzuia ni chanjo ya surua, ambayo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili nyingi zinazoikamata H kabla haijashika kipokezi. Nchini Tanzania na Kenya chanjo hiyo hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Mzazi, itazame kadi ya mwanao; kama dozi ya pili haijaandikwa na miezi 18 imepita, mpeleke kliniki.