Anayetafuta nyumba Dar aanze na karatasi, dalali baadaye

WATU wengi wanaotaka kununua nyumba jijini Dar es Salaam huanza kwa dalali. Humtajia kiasi walichonacho, huzungushwa Tabata, Kimara na Mbagala kutwa nzima, na jioni hujikuta wameipenda nyumba ambayo, kwa maelezo ya dalali, tayari ina wateja wengine wawili. Kesho yake hutoa malipo ya awali ili isiwaponyoke. Maswali huja baadaye, fedha zikiwa mikononi mwa mtu mwingine.

Utaratibu huo umekaa kinyume. Dalali hulipwa nyumba inapouzwa, wala halipwi kwa kumshauri mteja aiache. Kwa sababu hiyo, mnunuzi anapaswa kuamua anatafuta nini kabla ya kuonyeshwa nyumba yoyote.

Hesabu kwanza

Mwenye sh. milioni 60 hana uwezo wa kununua nyumba ya sh. milioni 60. Juu ya bei kuna ushuru wa stempu unaokaribia asilimia 1, malipo ya wakili, ya mthamini na ada za kusajili uhamisho. Kodi ya faida aliyoipata muuzaji ni ya muuzaji, lakini uhamisho wa hati haukamiliki mpaka Mamlaka ya Mapato (TRA) iridhike. Ni vema suala la nani atalipa nini limalizwe wakati wa kupatana bei, na liandikwe. Mwenye sh. milioni 60 atakuwa salama zaidi akitafuta nyumba ya sh. milioni 54 au 55.

Anayetegemea mkopo aende benki mapema. Mkopo wa sh. milioni 40 kwa riba ya asilimia 18, ukilipwa kwa miaka 15, unadai takriban sh. 644,000 kila mwezi. Mwisho wa safari mkopaji atakuwa amelipa karibu sh. milioni 116. Hesabu hiyo ikifanywa mwanzoni, orodha ya nyumba za kuangalia hupungua yenyewe.

Aina ya karatasi

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, anachonunua mtu mjini ni haki ya kuitumia ardhi pamoja na jengo lililo juu yake. Uthabiti wa haki hiyo hutegemea karatasi iliyopo.

Sokoni kuna nyumba zenye hati, ambayo hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Zipo zenye leseni ya makazi, inayotolewa kwa muda mfupi katika maeneo yasiyopimwa. Zipo pia ambazo mwenyewe ana mkataba wa mauziano tu, ulioshuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Kwa wanaotaka ghorofa, sheria ya mwaka 2008 inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake.

Nyumba mbili zinaweza kulingana kwa kuta, bati na vyumba, bei zikapishana sana kwa sababu ya karatasi. Benki zinazotoa mikopo mirefu ya nyumba hutaka hati, hivyo nyumba isiyo na hati hununuliwa zaidi na wenye fedha taslimu, nao ni wachache. Anayefurahia unafuu huo leo akumbuke kuwa atakutana nao tena siku atakapouza.

Hatari ya eneo

Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa wakazi wa bonde la Msimbazi, na baadhi yao walihamishiwa Mabwepande. Kabla ya kuchagua mtaa, mnunuzi aulizie ramani ya mipango miji katika ofisi ya ardhi ya manispaa. Akiweza, autembelee mtaa huo wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na awaulize wapangaji maji hufika wapi. Mpangaji hana nyumba ya kuuza.

Kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi akishajua kiasi, aina ya karatasi na mitaa mitatu au minne anayoitaka, sasa amwite dalali. Nyumba ikimpendeza, afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati kujua jina la mmiliki na kama nyumba imewekwa rehani. Adai risiti za kodi ya pango la ardhi. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama watoto wote wamekubaliana barazani. Pasipo na hati, majirani wa pande zote nne waulizwe mipaka.

Muuzaji wa kweli atasubiri wiki mbili za ukaguzi. Anayetaka malipo ya awali leo hii, kabla ya upekuzi, aachwe na wale wateja wake wawili.