Kuagiza Chakula kwa Simu: Kosa ni la Nani?

Katika jiji la Kampala siku hizi mtu huweza kuagiza chakula kwa programu ya simu, na mwenye bodaboda akamletea. Jambo hilo limewapunguzia taabu wazazi wanaorudi kazini usiku. Lakini agizo likiharibika, lawama humwangukia aliyeshika simu: "Mama hajui kubonyeza." Je, hiyo ni haki?

Wataalamu wawili wa Denmark, Jakob Nielsen na Rolf Molich, walieleza mwaka 1990 njia ya kukagua programu kwa kufuata kanuni chache. Mwaka 1994 Nielsen alizipanga upya, zikawa 10. Kanuni tatu zinatuhusu hapa. Kwanza, mtumiaji aonyeshwe hali ya mambo: chakula kinapikwa, au kiko njiani? Pili, apewe njia ya kurudi nyuma akibadili nia. Tatu, azuiwe kukosea mapema; kwa mfano, aulizwe kama kweli anataka sahani 11 badala ya 1. Tena ni vyema gharama yote, pamoja na malipo ya mletaji, ionekane kabla ya kulipa.

Ukaguzi waweza kufanywa nyumbani. Chagua watu 5, wazee kwa vijana. Nielsen alishauri mwaka 2000 kwamba idadi hiyo hutosha kufichua kasoro nyingi. Mwombe kila mmoja, peke yake, aagize matoke na samaki, aishie kabla ya kulipa. Aseme kwa sauti anayoyafikiri. Usimsaidie, andika tu mahali anapokwama. Watatu wakikwama mahali pamoja, kosa si lao, ni la programu. Waandikie wenye programu hatua yenyewe, yaliyotokea, na marekebisho yanayotakiwa.

Jamaa za askari na polisi wana jambo moja zaidi la kuchungua. Ramani ya simu huweza kumwelekeza mletaji hadi mlangoni kwako, ilhali yeye husimamishwa kwenye lango la kambi, na chakula kikapoa. Programu njema hukuruhusu kuchagua lango kuwa mahali pa kukutania. Andika jina la lango tu. Usitaje kikosi, namba ya nyumba wala zamu ya mumeo au mkeo.

Kuuliza si ujinga, na kukosoa si utovu wa adabu. Chombo kimeundwa kimtumikie mtu. Kisipomfaa, kirekebishwe chombo.