Ubabe wa Marekani: Dunia inafaidika au inaumia?

Ukitaka kuwasha moto kwenye kundi lenu la WhatsApp, tupia tu swali hili: Je, Marekani inaisaidia dunia au inaitumia? Mmoja atakwambia bila doo ya Marekani tungekuwa tumekwisha zamani. Mwingine ataapa hakuna taifa lililovuruga dunia kama hilo. Kumbe wote wawili wana ushahidi, na ushahidi wenyewe umo katika hotuba moja.

Januari 28, 2003, Rais George W. Bush alihutubia Bunge la nchi yake. Aliomba dola bilioni 15 za kupambana na Ukimwi kwa miaka mitano, nyingi zikiwa za Afrika. Hapo ndipo ulipozaliwa mpango wa PEPFAR. Katika hotuba hiyohiyo, alieleza kwa nini Saddam Hussein wa Iraq alipaswa kupokonywa silaha za maangamizi. Kabla ya miezi miwili kuisha, mabomu yalikuwa yakianguka Baghdad. Silaha zenyewe hazikupatikana.

Serikali ya Marekani inasema PEPFAR imeokoa maisha ya watu milioni 25. Vita vya Iraq navyo viliua raia zaidi ya laki moja. Rais ni yuleyule, mwaka ni uleule. Sasa utampa alama ngapi?

Tuanze na yale mazuri, manake yapo. Mnamo 1999 Kenya ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Uliza wazazi wako kuhusu miaka hiyo, watakusimulia jinsi matanga yalivyofuatana. ARV zilikuwepo, lakini mgonjwa mmoja alihitaji zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Nani angeweza? Leo vijana waliozaliwa na virusi wanasoma vyuoni, wanafanya kazi na kulea watoto wasio na virusi. Pesa za Marekani zina mchango mkubwa katika hilo, na kulikana ni kukosa shukrani.

Lakini kwa nini dawa zilikuwa ghali hivyo? Kampuni chache ndizo zilizokuwa na haki ya kuzitengeneza, na Washington ilizikingia kifua. Afrika Kusini ilipopitisha sheria ya kutafuta dawa nafuu mnamo 1997, Marekani iliibana kibiashara. Bei ilianza kuporomoka 2001 pale kampuni ya Cipla ya India ilipojitolea kuuza dozi ya mwaka mzima kwa dola 350. Mwaka huohuo, baada ya wanaharakati kupiga kelele, Kenya ilipitisha sheria iliyofungua mlango wa dawa nafuu. Kwa hivyo mlango ulikuwa umeshafunguliwa na wengine kabla ya pesa za PEPFAR kuingia.

Urafiki na mbabe una gharama nyingine pia. Agosti 7, 1998, magaidi wa al-Qaeda walilipua ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Waliolengwa walikuwa Wamarekani. Waliokufa walikuwa zaidi ya 200, na kati yao Wamarekani walikuwa 12 pekee. Wengine wengi walikuwa Wakenya waliotoka nyumbani asubuhi kwenda kazini. Majina yao yako ukutani katika bustani ya ukumbusho, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Hawakuwahi kuulizwa maoni yao kuhusu sera ya Marekani Mashariki ya Kati.

Na hapa ndipo penye noma. Mkazi wa Homa Bay hapigi kura Ohio. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia Julai 1 mwaka huo, shirika la USAID, lililoanzishwa 1961, lilikuwa limefungwa. Huku kwetu wahudumu wa afya walitumwa nyumbani, na wagonjwa waliozoea kliniki zao maalum wakaelekezwa kwenye foleni za kawaida hospitalini. Kwa kijana ambaye hata mabeste wake hawajui hali yake, foleni hiyo si jambo dogo. Wapo wanaoona heri wakose dawa kuliko waonekane.

Je, Marekani ilifanya kosa kusitisha? Wengi tutasema ndiyo. Lakini pesa ni za walipa kodi wake, na sera ya nje ya taifa lolote hutumikia wenyewe kwanza. Hata mpango wa Marshall wa 1948, uliomwaga takriban dola bilioni 13 Ulaya Magharibi, uliipa Marekani masoko na washirika dhidi ya Usovieti. Pande zote zilifaidika. Tofauti ni kwamba msaada ule uliisha baada ya takriban miaka minne, na Ulaya ilikuwa imeutumia kufufua viwanda vyake.

Sisi tumekuwa na PEPFAR kwa zaidi ya miaka 20. Mnamo 2001, kabla ya mpango huo hata kuanza, viongozi wa Afrika walikutana Abuja na kuahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya haijafika hapo.

Kwa hivyo ndiyo, sera ya mbabe inaweza kuufaidi ulimwengu, pale maslahi yake na yetu yanapokutana njiani. Yakiachana, yeye hukata kona bila kupiga honi, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwaka 2024 vijana walionyesha wanaweza kusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Bajeti husomwa kila Juni. Ikisomwa tena, tafuta ukurasa wa afya, angalia ni shilingi ngapi zimetengewa ARV, kisha muulize mbunge wako swali ambalo Washington haiwezi kumuuliza kwa niaba yako.