Namna Viongozi wa Ngoma Wanavyopanga Hazina Zao: Kadi za Kontra, Kumbukumbu ya Manju na Suala la Chapwa

Kiongozi wa ngoma, awe manju wa Usukuma, sogora wa pwani au mwitaji wa kontra nchini Marekani, ana hazina kubwa kuliko inavyoweza kuchezwa katika usiku mmoja. Kwa hiyo umahiri wake hauishii katika kuzijua ngoma. Unahitaji pia kuipata ile inayofaa kabla watu hawajachoka kusubiri. Makala haya yanafafanua namna hazina za aina hiyo zinavyopangwa. Hoja yake ni kwamba kila mpangilio hujibu swali ambalo mwenye hazina hutarajia kuulizwa, na kwamba hifadhi nyingi za ngoma za Tanzania zimepangwa kujibu swali ambalo si la kiongozi wa ngoma.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka mbali. Kontra ni ngoma ya jozi iliyostawi katika majimbo ya New England. Wachezaji husimama katika mistari miwili mirefu inayotazamana, naye mwitaji husimama karibu na wapiga fidla akitaja kila hatua muda mfupi kabla haijafika. Aghalabu mzunguko mmoja huchukua mapigo 64, yaliyogawanywa katika sehemu nne za mapigo 16, na unapokwisha kila jozi huwa imesogea na kukutana na jozi nyingine. Kwa kuwa umbo hili halibadiliki sana, ngoma nzima huenea kwenye kadi inayotosha kiganjani: jina, mtunzi, namna ya kusimama mwanzoni, kisha sehemu nne na hatua zake.

Ugumu huanza kadi zinapofikia mamia. Kitabu cha Larry Jennings cha mwaka 1983, *Zesty Contras*, peke yake kina ngoma karibu 500. Wapo wanaozipanga kadi kwa alfabeti ya majina, na mpango huo humfaa anayekwisha kujua anachokitafuta. Haumsaidii mwitaji ambaye mbele yake wamesimama wageni wasiojua waanze na mkono upi. Huyo anahitaji ngoma nyepesi, isiyo na hatua ya kuwapotezea wenza wao, na anaihitaji sasa hivi. Ndiyo maana wengi hutanguliza namna ya kusimama, kisha kiwango cha ugumu, kisha hatua inayotawala ngoma. Hata hivyo kadi moja haiwezi kukaa mahali pawili. Ngoma nyepesi yenye hatua adimu iwekwe kwenye nyepesi au kwenye adimu? Waitaji wamelitatua jambo hilo kwa rangi, kwa alama za pembeni na, baadaye, kwa majedwali ya kompyuta yanayoweza kuchambuliwa kwa kigezo chochote. Kabla ya usiku wa ngoma mwitaji huchomoa kadi chache, huzipanga kwa mfuatano na kukagua kwamba hatua ileile haitawali ngoma mbili zinazofuatana. Sanduku lote limepangwa kujibu swali moja: inayofuata ni ipi?

Manju hana sanduku, lakini ana mpangilio. Katika Usukuma mashindano ya ngoma yamekuwa kati ya jamii mbili kuu, Bagika na Bagalu, ambazo asili yake inahusishwa na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Wimbo wa mashindano humlenga mpinzani anayejulikana, kwa hiyo unakumbukwa pamoja na mpinzani huyo na msimu wake. Nyimbo za kazi nazo hushikamana na kazi: ule wa kulima huenda na pigo la jembe, na bugobogobo ni ngoma iliyozaliwa shambani. Frank Gunderson alipochapisha mwaka 2010 mkusanyiko wake wa nyimbo za kazi za Wasukuma, alizigawa kwa makundi ya kazi, wakiwamo wawindaji, wapagazi na wakulima. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani ulifuata njia ambayo waimbaji wenyewe huzifikia nyimbo zao badala ya kuwaletea vichwa vigeni.

Hifadhi rasmi zilichukua njia nyingine. Hugh Tracey, aliyerekodi muziki wa Tanganyika mwaka 1950 na kuanzisha maktaba yake ya muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini mwaka 1954, aliambatisha kwa kila wimbo lugha, mahali, waimbaji, ala na aina ya wimbo. Ni kazi kubwa ambayo watafiti wangali wanaitegemea. Baada ya Uhuru, Wizara ya Utamaduni iliyoundwa mwaka 1962 ilisimamia Kikundi cha Taifa cha Ngoma, na katika jukwaa lake kila ngoma ilipewa mwenyewe: sindimba ya Wamakonde, mdundiko wa Wazaramo, bugobogobo ya Wasukuma, mganda wa watu wa Ziwa Nyasa. Taifa changa lilikuwa na sababu ya kutaka kila jamii ionekane. Lakini swali lililojibiwa ni hili: ngoma hii ni ya nani?

Udhaifu wa swali hilo, likiachwa peke yake, unaonekana katika safari ya beni. Kwa mujibu wa Ranger (1975), beni ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikiiga bendi za kijeshi, ikaenezwa bara na askari na vibarua. Kandokando ya Ziwa Nyasa ilizaa mganda na malipenga, ambamo vibuyu vilichukua nafasi ya tarumbeta. Katika miji ya migodi ya shaba ya Zambia iliitwa mbeni, na humo Mitchell (1956) aliichunguza kalela, ngoma ya vijana wa Kibisa waliovaa mavazi nadhifu na kupeana vyeo. Katika kabati lililopangwa kwa kabila, mganda uko kwa Wanyasa na kalela iko kwa Wabisa, na msomaji hana sababu ya kufungua droo zote mbili. Katika sanduku la mwitaji wa kontra zingekaa jirani, kwa kuwa zinashirikiana mistari, mwendo wa gwaride na vyeo.

Chapwa, kata ya Mji wa Tunduma, iko penye njia inayounganisha maeneo hayo. Mpaka ulio karibu nayo unatokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890, nao umewaacha Wanyamwanga pande mbili, Tanzania na Zambia. Rekodi ya ngoma yao ikiwekwa chini ya nchi, nusu yake iko katika orodha ya jirani. Ikiwekwa chini ya mkoa, mambo hayawi mepesi: eneo hilohilo liliwahi kuwa katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, likawa Mbeya, na tangu mwaka 2016 ni Songwe. Kiongozi wa kikundi cha vijana wa Chapwa anayetafuta ngoma ya kufungulia sherehe, ambayo wachezaji wapya wanaweza kuishika kwa jioni moja, hapati msaada wowote kwenye lebo hizo. Anaambiwa ngoma ni ya nani, ilhali mara nyingi hilo analijua kuliko aliyeandika lebo.

Kuondoa kabila na mahali katika kumbukumbu kungekuwa kosa la upande wa pili. Kadi ya kontra humtaja mtunzi lakini haisemi kitu kuhusu waliocheza wala kwa nini walikusanyika. Kinachohitajika ni vipengele vya nyongeza: wachezaji husimama vipi, nani huanza, wimbo hupokewa wapi, hatua ipi huwashinda wageni, na ngoma hufungua au hufunga shughuli. Vingi kati ya hivyo havisikiki kwenye kanda ya sauti, kwa kuwa kanda haionyeshi miguu. Mtunza kumbukumbu atalazimika kuvijaza akiwa uwanjani, pamoja na kiongozi wa ngoma, wakati wachezaji wangali wamesimama mahali pao.