Je, Wajua? Kalsiamu ya Kuku Ina Wakati Wake

Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Ndiyo maana chakula cha kuku wa kutaga huwa na madini hayo mara tatu au nne kuliko cha kuku wanaokua. Ukimpa kuku mchanga chakula hicho mapema, utamharibia figo. Kabla hajaanza kutaga, kule Kitui na Makueni nchini Kenya, mwache apekue mchwa na kumbikumbi wa mvua za vuli apate protini. Mwongezee mtama na majani ya kunde. Upanga wa kichwani ukiwa mwekundu na mayai yakianza, ponda maganda ya mayai yaliyokaushwa motoni, uyaweke kwenye chombo cha peke yake. Kila kuku atadonoa kadiri ya mahitaji yake.