Kuanguka Ghafla: Kinachotokea Ndani ya Mshipa



Tukizunguka Likoni, Kisauni na Changamwe tumesikia mara nyingi: "Jana alikuwa sokoni mzima, leo kaanguka kafa. Ametupiwa kitu huyo." Halafu mzee wa jirani ndiye hunyooshewa kidole. Mara nyingi sababu ni mshipa wa moyo, basi tueleze.

Mshipa unaharibikaje?
Mafuta yaitwayo kolesteroli huingia kidogo kidogo katika ukuta wa mshipa. Seli za kinga huja kuyala, hushiba, hufia hapo hapo, na pakawa kama jipu. Juu yake seli za misuli husuka ngozi ngumu ya kulifunika. Mtu hukaa hivyo miaka mingi bila kujua.

Seli hufaje?
Ndani ya seli mna jeni, yaani maagizo ya urithi. Jeni iitwayo p53 huweza kuamuru seli iliyoharibika ife. Nyingine, Bcl-2, huizuia isife. Katika mshipa mgonjwa, moshi wa sigara na mafuta yaliyoharibika huumiza seli, na amri ya kufa hupata nguvu. Wasukaji wa ile ngozi wakifa, ngozi huwa nyembamba, presha huisukuma, nayo hupasuka. Damu huganda pale na kuziba njia. Hapo hakuna mkono wa jirani.

Je, ni urithi tu?
Hapana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata watu waliohama kutoka vijiji vya magharibi ya Kenya kwenda Nairobi: presha yao ilipanda. Urithi ulikuwa ule ule. Maisha ndiyo yaliyobadilika.

Tufanye nini?
1. Kikundi kipange siku ya wanachama kupimwa presha zahanati.
2. Tuache sigara, tupunguze chumvi, na mafuta ya viazi na mahamri yasirudiwe rudiwe.
3. Aliyepewa dawa ya presha asiiache ati kwa kuwa hasikii kuumwa.
4. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au tayani, jasho baridi likitoka: hospitali mara moja, si kwa mganga.

Mjadiliane kikundini:
Usiku wa manane, tutaita gari la nani? Wa Likoni wakumbuke kuna feri mbele. Na siku mtu akianguka, nani atasimama kumtetea mzee anayesingiziwa?