Mbwa Chotara wa Labrador Hapa Mpakani

Anayemfuga mbwa chotara wa Labrador akitaraji mlinzi mkali huenda akavunjika moyo: asili yake ni kumletea mwindaji bata aliyepigwa risasi, na hata mwizi aweza kumlaki kwa mkia. Kumfunga mnyororo kutwa humtia woga, na mbwa mwoga huuma. Atembezwe kila siku. Tena asijazwe chakula, kwani ni mlafi.

Pale Busia au Mutukula, hatua chache humfikisha nchi nyingine, na kichaa cha mbwa huweza kuvuka naye. Achanjwe afikapo miezi 3, kisha kila mwaka. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wengine hukimbilia kwetu kwanza kudai fidia. Kesi yaweza kungoja; dalili za ugonjwa zikishaonekana, hakuna tiba.